Kapteni Ostrem na Jua la Jumamosi

Jumamosi, 4 Novemba 1995

Baridi imeingia kwa fujo. Asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya maktaba, kwa sababu kikwangulio changu kilivunjika mwaka jana na tangu hapo nasema nitanunua kingine.

Njiwa amerudi kwenye televisheni leo, na sikupendezwa naye hata kidogo.

Acha nieleze, maana nikija kuyasoma haya nikiwa mzee huenda nitakuwa nimesahau nilikasirikia nini. Njiwa ni chombo cha angani. Mwaka wa 1973, tulipokuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni karibu na Nakuru, kipindi chake kilionyeshwa kila Jumatano jioni. Shule nzima ilikuwa na televisheni moja, nayo ilikuwa sebuleni kwa mwalimu mkuu. Zadock Omwenga ndiye mwanafunzi pekee aliyeruhusiwa kuingia mle, kwa sababu ndiye aliyejua kutumia pasi ya makaa bila kudondosha jivu kwenye mashati meupe. Alinyoosha mashati huku jicho moja liko kwenye kioo. Akirudi bwenini alikaa juu ya sanduku lake la bati, nasi tukamzunguka, akatusimulia kila kitu: Kapteni Ostrem alisema nini, nani alinaswa kwenye sayari gani, na alitokaje. Kwa hiyo mimi Kiprop nilimjua Kapteni Ostrem kwa masikio kabla ya kumwona kwa macho, na sijawahi kumpenda mtu wa televisheni kama nilivyompenda yule.

Sasa Zadock anakaa mji wa Savage, ng'ambo ya mto, na mkewe Kemunto na binti yao Dinah wa miaka kumi na mitatu. Mimi niko Minneapolis, hapa Marekani, nauguza wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mimi niliyekuwa mwalimu wa Kiswahili. Njiwa mpya anaonyeshwa Jumamosi saa kumi na moja jioni. Zadock na mkewe ni Wasabato, na kwao tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame tena Jumamosi televisheni haiwashwi, wala mambo ya dunia hayazungumzwi. Mimi nilibatizwa kwingine, na nimelegea. Bahati nzuri Novemba hapa jua linazama mapema. Kemunto anazo saa za kuzama jua kwenye kalenda ya kanisa iliyobandikwa kando ya friji. Leo waliimba, wakaomba, na Zadock aliposema amina tayari mkono wake ulikuwa juu ya rimoti.

Basi, kipindi chenyewe. Kwanza, giza. Ndani ya Njiwa mpya kuna giza kama nyumba iliyokatiwa stima, na watu wananong'onezana kwenye korido. Njiwa wa zamani aliwaka taa kila mahali, na shida ilianza na kumalizika siku hiyo hiyo. Huyu wa sasa anakuacha katikati ya shida, ungoje juma zima. Ostrem wamemrudisha, mwigizaji ni yule yule, lakini amezeeka, anatembelea fimbo, na chombo kinaongozwa na mwanamke kijana ambaye hamsikilizi. Jambo moja nakubali: huyo mwanamke ni mweusi na anatoa amri. Hilo sikutegemea.

"Hii ni poa sana, Kip," Zadock akasema. "Sasa wanaongea kama watu."

"Wananung'unika kama watu."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Zadock hakumaliza ugali wake. Alisema ana gesi tumboni.


Jumamosi, 11 Novemba

Giza tena. Tumebishana. Zadock ana gesi bado.


Jumatano, 29 Novemba

Kemunto alinipigia kazini. Hajawahi kunipigia kazini. Ni muuguzi wa hospitali, mwanamke wa kanuni, na niseme ukweli sijawahi kumpenda sana. Tangu harusi yao naona kama anamkunja Zadock apate kuingia kwenye droo. Leo sauti yake ilikuwa tulivu mno.

"Shemeji, majibu yametoka. Ni kongosho. Imeshafika kwenye ini."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nimewauguza wawili wenye saratani ya kongosho, na ninajua inavyokwenda.

"Yeye ameambiwa?"

"Daktari amemwambia, tulikuwa pamoja. Lakini nyumbani kwangu neno hilo halitatamkwa. Tumemkabidhi Mungu. Ukija, njoo na maneno ya uzima. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilirudi kumlisha mzee wangu uji wa shayiri, nikakipeleka kijiko shavuni mwake mara mbili, hadi yeye ndiye akaniuliza kama niko salama.


Jumamosi, 2 Desemba

Wanawake wa kanisa walijaa sebuleni, wa Savage, wa Lakeville, hata wawili kutoka Woodbury. Wote wanasema Zadock ana vidonda vya tumbo na atapona. Zadock anaitikia, "Amina, asanteni," na kuwaangalia mmoja mmoja. Anajua. Wanajua kwamba anajua. Nami nikakaa pale na chai yangu nikasema kwamba kwetu Kapsabet mjomba alikuwa na vidonda vibaya kuliko hivyo, na sasa analima. Mjomba huyo nilimbuni.

Jua lilipozama wakaondoka, tukawasha. Ostrem na yule mwanamke waligombana kipindi kizima juu ya ramani. Zadock alisinzia.


Alhamisi, 14 Desemba

Leo nimepata pigo dogo, la kijinga. Nilikuwa na mapumziko ya mchana, nikakuta kituo kingine kinarudia Njiwa wa zamani, yule halisi wa 1973. Nikakaa na sahani yangu nikifurahi kama mtoto.

Si yeye. Sura ni zile, chombo ni kile, lakini mambo si yale. Zadock alitusimulia kwamba rubani wa Njiwa ni Mkisii kama yeye, jina lake Nyakundi, mtu wa Nyaribari, ambaye Ostrem hakuthubutu kusafiri bila yeye. Tulimwamini. Wavulana wa Kisii walitembea vifua mbele muhula mzima. Kwenye kipindi chenyewe kuna mtu mweusi mmoja tu. Anafungua mlango, anasema "Ndiyo, Kapteni," na kufunga mlango. Na Ostrem halisi alimwacha mtu kwenye ile sayari ya mchanga. Alimwacha, akaenda zake na muziki ukapigwa! Kwa Zadock alirudi kumchukua, na Nyakundi akashusha chombo kwenye dhoruba. Niliwahi kulia chini ya blanketi kwa ajili ya dhoruba ile.

Kumbe majuma haya yote nimekilinganisha kipindi kipya na kitu ambacho hakijawahi kuonyeshwa popote.


Jumamosi, 16 Desemba

Jua lilipozama tu nikamvaa.

"Nyakundi yuko wapi, we mwizi?"

Zadock alinitazama, kisha akacheka hadi akashika tumbo na Kemunto akaja mbio kutoka jikoni.

"Kip, mwalimu mkuu alikuwa na mashati mengi. Nusu ya kipindi nilikuwa nimeinama. Ilibidi nijaze. Na mngekubali kweli nirudi niwaambie huyo jamaa anafungua tu mlango?"

Dinah alikuwa kwenye ngazi na kitabu chake. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. "Who's Nyakundi?" akauliza.

"Rubani," baba yake akasema.

Kisha akaniambia, bila kucheka, "Ile ya zamani nilihitaji kuirekebisha. Hii mpya sihitaji. Ndiyo maana naipenda." Bado naona ni kipindi cha watu wenye huzuni waliokosa balbu.


Jumatatu, 25 Desemba

Zamu mara mbili. Theluji hadi magotini. Zadock kwenye simu: "Niko fiti." Sauti yake imekuwa nyembamba.


Jumamosi, 20 Januari 1996

Kalenda ya Kemunto imetugeuka. Leo jua limezama baada ya saa kumi na moja. Tulikaa mbele ya televisheni iliyozimwa huku tukijua kipindi kimeanza. Zadock, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alilitazama dirisha kwa hasira.

"Juma lijalo itakuwa mbaya zaidi," nikasema. "Siku zinarefuka."

"Kwa wengine," akasema.

Kemunto alijifanya hakusikia. Mimi pia.

Baadaye nikatoa wazo la deki yao ya video: niitege Ijumaa mchana irekodi yenyewe, tuangalie kanda Sabato ikishafungwa. Kemunto alifikiri kwa muda mrefu, mikono kwenye aproni. Akauliza, mashine yako ikifanya kazi siku ya Sabato, je, si wewe unayefanya kazi? Nikasema friji nayo inafanya kazi. Nilidhani atanifukuza. Akasema atamwuliza mchungaji.


Alhamisi, 25 Januari

Mchungaji amekubali, ila asisikie kwamba tumeharakisha wimbo wa kufunga Sabato.


Jumamosi, 3 Februari

Baridi ya kuua. Jana shule zilifungwa jimbo lote, na redio ikasema ngozi isiachwe wazi hata kidogo. Gari limegoma kabisa. Nilimpigia Zadock, akasema wameiangalia kanda bila mimi na kwamba Ostrem sasa anaumwa. Haijulikani anaumwa nini. Daktari wa chombo anajua, na yule kamanda mwanamke anajua, lakini wanamwambia ni uchovu.

Nikamwambia huo ni upuuzi mtupu, mashujaa hawaugui.

"Yaani hujaona bado," akasema.


Jumamosi, 17 Februari

Nimeona. Ostrem yuko kitandani na kila anayeingia anamletea habari njema. Injini imepona, wako njiani kurudi, adui ameshindwa. Uongo wote. Nilitaka kuzima. Zadock ameegemea mito mitatu, macho yake yamekuwa makubwa kwenye uso, na hakupepesa hata mara moja.

"Aliyeandika hii amewahi kuuguza mtu," akasema. Kisha: "Ama ameuguzwa."

Kemunto alikuwa anakunja nguo nyuma yetu. Akakunja taulo moja, akalikunjua, akalikunja tena.


Jumamosi, 9 Machi

Wameleta kitanda cha hospitali, kimewekwa sebuleni badala ya kochi. Zadock amekuwa wa njano. Kemunto anamgeuza, anamwosha, anampa dawa ya maumivu kwa saa zake, na bado anakwenda zamu. Nilimtazama akimbadilishia shuka bila Zadock kutoka kitandani. Mimi hufanya kazi hiyo kila siku, na sijui kuifanya kwa upole ule. Nimemkosea mama huyu kwa miaka mingi kwa kumdhania jiwe.

Jua lilipozama Kemunto akatoka kwenda dukani, na Zadock akanishika mkono.

"Kip. Kuna kitu nataka kusema. Nikifa…"

"Wacha hayo bwana. Hufi."

"Sikiza. Nikifa, nataka…"

"Utapona. Kila mtu anaomba."

Akaniachia mkono. Nikaanza kumweleza kuhusu gari langu. Nilieleza kuhusu karbureta kwa muda mrefu sana, nami sijui chochote kuhusu karbureta.


Jumamosi, 30 Machi

Jua linazama karibu saa moja. Zadock hulala saa kumi na mbili kwa ajili ya dawa. Leo tulifunga Sabato akiwa anakoroma. Nikaketi na Kemunto, kanda ikiwa ndani ya deki, hakuna aliyeiwasha.


Jumapili, 7 Aprili

Saa zimesogezwa mbele usiku wa jana, kama wafanyavyo hapa kila Aprili. Sasa jua litazama karibu saa mbili. Nimemchukia mtu aliyebuni jambo hili, yeyote yule.

Leo mchana Zadock alikuwa macho, tukaangalia kanda mbili mfululizo. Juma lijalo ni kipindi cha mwisho. Gazeti limeandika wazi kwamba Kapteni Ostrem atakufa. Nililikunja nikalitupa kabla sijatoka nyumbani.


Jumamosi, 13 Aprili

Nimeangalia peke yangu, kwangu, saa kumi na moja, jua likiwaka juu ya theluji chafu ya maegesho. Njoo nami shajara, maana sina mwingine wa kumsimulia.

Njiwa amekwama kando ya sayari ya mawe tupu. Injini imekufa kabisa, wala hakuna wa kuja kuwaokoa karibuni. Ostrem yuko kitandani. Ili afe na amani, wanachombo wameweka picha ya nyota kwenye dirisha lake, nyota zinazopita, aamini kwamba wanasafiri kurudi nyumbani. Wote wanaingia na kusema, "Tunakaribia, Kapteni." Hata mimi nilitulia kidogo, nikasema angalau wamefanya jambo moja la utu.

Kisha anamwita kamanda. Anamwambia, "Zima hizo nyota." Kamanda anajidai haelewi. "Sakafu haitetemeki," mzee anasema. "Miaka yote hii nimelala juu ya sakafu inayotetemeka. Zima." Anazizima. Dirishani kunabaki ile miamba. Ndipo anasema alichotaka kusema. Kwamba watataka kuubeba mwili wake hadi nyumbani. Wasiubebe. Wamzike hapo walipo, ili wale watakaobaki wajue alipo. Baada ya hapo anakufa, bila muziki.

Nimelia hadi jirani akagonga ukuta. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye televisheni, na nimeamua Zadock hatakiona.


Jumapili, 14 Aprili

Nilimwambia deki yangu haikurekodi kwa sababu nilisahau kusogeza saa yake mbele. Ya kwao Kemunto hakuitega, alikuwa na zamu. Zadock alikubali mara moja.

"Basi nisimulie. Uliangalia?"

"Niliangalia."

Nikamsimulia. Nikasema injini ilipona dakika ya mwisho, na Ostrem akainuka kitandani, akashika usukani, akahutubia chombo kizima juu ya ujasiri na kurudi nyumbani. Nilimpa maneno matamu. Kemunto alisimama mlangoni akitikisa kichwa kwa kuridhika, na alipopita akanigusa bega.

Zadock alisikiliza hadi mwisho. "Vizuri," akasema, akageukia ukutani.


Jumatano, 17 Aprili

Simu ya Zadock, kazini. Anasema maneno mawili, anapumzika.

"Kip. Ostrem huwa hahutubii."

"Safari hii alihutubia."

"Mimi ndiye nilikufundisha kujaza. Najua mtu akijaza."

Akakata.


Jumamosi, 20 Aprili

Kemunto alinipigia saa saba mchana. Kemunto, Sabato, kwenye simu. Nikajua.

Nilimkuta Zadock ameegemezwa, amekonda kiasi kwamba nilimtambua kwa macho yake tu. Jua lilikuwa limejaa sebuleni kupitia mlango wa kioo, likaangukia shuka, glasi na mkono wake wa njano. Dinah alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Alikuwa amevaa nguo za kanisani lakini hawakuwa wamekwenda.

"Anakutaka tangu asubuhi," Kemunto akasema. "Anasema ulimdanganya."

"Nimalizie, Kip," Zadock akasema. "Ile ya kweli."

Nilimtazama Kemunto. Nikatafuta pa kujificha, na nilipapata. "Leo ni Sabato, Zadock. Tungoje jua lizame. Bado saa chache tu."

Zadock alifumba macho, na pumzi yake ikakawia, ikakawia, kisha ikaja. Mimi na Kemunto tumesikia pumzi kama hiyo kazini, sote wawili. Hakuwa na saa chache.

Kemunto akainuka. Akaenda kwenye mlango wa kioo, akavuta lile pazia zito la kijani hadi mwisho, kisha la dirisha la jikoni, kisha la ngazini. Chumba kikawa giza. Akawasha taa ndogo kando ya kitanda. Akasimama, akakunja mikono, na akaomba sala ya kufunga Sabato, yote, bila kuruka neno. Sauti yake ilikatika mara moja, akameza mate na kuendelea.

"Amina," Zadock akasema.

"Jua limezama," Kemunto akasema. "Msimulie."

Nikabaki nimesimama.

"Kaa chini," Zadock akanong'ona. "Usisimame kama mwalimu wa zamu."

Nikakaa, nikamsimulia. Sikujaza chochote. Nilimwambia injini ilikufa. Nilimwambia kuhusu zile nyota za uongo dirishani, na jinsi kila mtu aliingia akasema tunakaribia. Nilipofika pale mzee anaposema zima hizo nyota, midomo ya Zadock ikasogea.

"Alijuaje?"

"Sakafu haikuwa ikitetemeka."

"Hee," akasema. Huo ulikuwa mcheko. "Mimi pia nilijua. Daktari alisema neno, tukaingia kwa gari, ukaanza kuimba, Kemunto. Njia nzima."

Kemunto aliketi juu ya kitanda.

"Endelea," Kemunto akaniambia.

Nikaendelea. Nikasema Ostrem aliomba azikwe hapo hapo. Nikasema alikufa. Nilisema kwa neno hilo hilo, alikufa, sebuleni kwa Kemunto, na hakuna aliyenizuia. Nikasema hapakuwa na muziki.

Zadock akamwita mkewe, "Mama Dinah," na kuanza kumwambia jambo kwa Kikisii, polepole, akipumzika. Sielewi Kikisii. Nilisikia jina la binti yake mara mbili, na nikasikia Lakeville, ambako walikaa kwanza walipofika, karibu na makaburi yale yenye misonobari. Kemunto akasema "Aaya," hapana. Akairudia. Kisha akaacha kuisema. Akaweka kichwa chake kwenye kifua cha mumewe, na mimi nikatoka nje.

Nje bado ilikuwa mchana. Watoto wa jirani walikuwa wanaendesha baiskeli.


Jumatatu, 22 Aprili

Zadock amefariki leo alfajiri.


Ijumaa, 26 Aprili

Simu za kutoka Kisii hazikatiki. Kaka yake Jairus anafoka: mtu mzima, mwenye boma, azikwe kwa wageni kama mbwa wa barabarani? Ndugu watasema nini? Kemunto alishika simu kwa mikono miwili.

"Alisema mwenyewe," akasema. "Mtoto wake yuko hapa. Anataka mtoto ajue alipo. Ndiyo, shemeji. Ndiyo, ninajua desturi, nimeolewa nayo. Shahidi yupo."

Akanipa simu. Jairus akaniuliza kama ni kweli, na kwa nini nisikie mimi Mnandi na wao wasisikie. Nikasema ni kweli. Nikasema nilikuwepo alipoanza kusema, nikayasikia wazi majina ya Lakeville na ya mtoto, na hakuna aliyemlazimisha. Nilitukanwa vizuri sana. Nilistahili, kwa ajili ya ile karbureta.


Jumapili, 28 Aprili

Tumemzika Lakeville. Udongo ulikuwa bado mgumu chini. Wanawake wale wale wa kanisa walikuja wote, na hawakusema tena vidonda vya tumbo.


Jumamosi, 4 Mei

Kemunto aliniambia nije kama kawaida. Sikujua kawaida ni ipi sasa. Kitanda kimechukuliwa, na kwenye zulia kuna alama nne za magurudumu.

Saa kumi na moja Njiwa alianza kurudiwa upya, kipindi cha kwanza. Tulikaa mbele ya televisheni iliyozimwa na mapazia wazi, mimi, Kemunto na Dinah. Jua la Mei linakaa sana. Tukala, nalo likahama kutoka ukutani hadi kwenye zile alama. Lilipozama Kemunto aliimba na kuomba, sauti yake peke yake. Rimoti ilikuwa mezani. Hakuna aliyeinyooshea mkono.

Dinah akaja akakaa sakafuni mbele yangu.

"Uncle Kip," akasema. Kisha akaanza tena, kwa Kiswahili, pole pole, akitafuta kila neno. "Baba alisema… kwa ile ya zamani… kulikuwa na rubani wa Kisii. Ni kweli?"

Kemunto alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Alikuwa mwenye nyumba ambamo uongo ulikuwa umetosha, na nilimwona akingoja. Kisha akashusha macho, akaanza kukusanya vikombe taratibu, bila kugonganisha hata kimoja.

"Ni kweli," nikasema. "Aliitwa Nyakundi, mtu wa Nyaribari. Ostrem hakuthubutu kusafiri bila yeye. Sasa sikiliza, kulikuwa na sayari ya mchanga."